Roketi zilirushwa Ngomeni, mbona kwenye sinema za miaka ijayo sisi hatumo?

fundisimu_mld (Malindi)

Wadau, assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Nina kibanda upande wa soko la zamani hapa Malindi. Mchana natengeneza simu, jioni nawajazia watu filamu kwenye flashi na memori kadi. Kazi hii imenifanya nijue watu wanaangalia nini hasa, si kile wanachosema wanaangalia. Za Kihindi bado zinaongoza, za ngumi zinafuata, halafu zinakuja hizi za anga za juu, roboti na dunia kuangamia. Vijana wanazitaka hasa zile ambazo dijei amezisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, kamanda wa chombo anaitwa Otieno na dude la sayari nyingine linatukanwa kwa lugha ya makanga. Raha tupu.

Sasa kuna jambo linanikera. Nimeziona nyingi mno, naweza kukutabiria Afrika itaingia wapi. Majitu yamevamia, New York inawaka, London inawaka, Tokyo inawaka, halafu zinakuja sekunde chache za watu waliosimama nyikani na mikuki, wametazama juu. Basi, tumeshawakilishwa. Hayumo mwanasayansi wetu, hayumo rubani, hayumo hata mtu aliyeshika bisibisi. Na Pwani yetu ikipigwa picha, inapigwa kama jana: punda, mlango wa nakshi, jahazi na machweo. Msimulizi anashusha sauti na kusema kwamba hapa wakati umesimama.

Umesimama wapi? Toka Malindi, pita Mambrui, pita Gongoni, ufike Ngomeni. Baharini kule, kwenye Ghuba ya Ungwana, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma, San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa satelaiti tisa kutoka pale. Moja iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyokuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta mionzi ya eksirei angani na si kazi nyingine. Mionzi hiyo haipenyi hewa ya dunia, kwa hivyo ukikaa chini na darubini yako huioni kamwe, lazima upande juu. Vipimo vyake vilichangia sana wanasayansi wakubali kwamba kile kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Aliyeongoza kazi ile, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Yaani shimo jeusi ambalo kwenye sinema ni mali ya wanaanga wa Marekani kule Houston, chombo kilichosaidia kulitambua kiliondoka mbele ya wavuvi wa Ngomeni. Na vijana wanaokuja kibandani kwangu, wengi wao wanadhani yale majukwaa ni ya kuchimba mafuta!

Sasa nauliza. Nani anaamua huyu awekwe kesho na yule aachwe jana? Na sisi tukipewa kamera leo, tutajiweka wapi?

mkosoaji_wa_mtaa

Sinema ni biashara, kaka. Anayelipa tikiti ndiye anayeonekana. Wewe mwenyewe unauza za wizi kwa flashi halafu unataka uigizwe.

fundisimu_mld

Hahaha. Hilo tuliache kwanza.

mwana_ngomeni

Nimezaliwa Ngomeni, kwa hivyo niruhusiwe kusema kidogo.

Babu yangu upande wa mama alikuwa mtu wa boti. Alivusha watu na mizigo kutoka ufuoni hadi kwenye majukwaa. Anachokumbuka zaidi si moto wa roketi, ni ukimya wa kabla yake. Madau yalishaambiwa yakae mbali, hakuna wa kutia wavu, na bahari nzima haina kazi. Kisha ngurumo, halafu mstari wa moshi unaopinda kuelekea mashariki.

Kwa nini mashariki na kwa nini kwetu? Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na karibu na ikweta ndipo kasi ilipo kubwa, kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa upande huo inapata msukumo wa bure kabla hata haijachoma fueli yake. Na mashariki yetu ni bahari tupu, kwa hivyo vile vipande vinavyoachwa njiani vinaangukia majini, si kwenye paa la mtu. Roketi zenyewe zilikuwa za Kimarekani aina ya Scout, hatua nne, zote za fueli ngumu. Babu hajui hesabu ya ikweta lakini anajua ni pepo gani walizokuwa wakizisubiri, kwa sababu waliuliza watu wa boti.

Nimezitafuta picha za siku zile. Zile nilizoziona mimi, wahandisi wanatazama kamera na majina yao yapo chini. Mtu wa boti unamwona mgongo. Kwa hivyo, fundisimu, hata kabla ya sinema za kubuni, ile ya kweli tayari ilishatukata kichwa.

Siku hizi Ngomeni ni uvuvi, chumvi na kamba. Antena za kituo bado zipo na zinafanya kazi. Watoto wanapita chini yake wakienda madrasa.

Bint_Langoni (Lamu)

Kaka fundisimu, nakuunga mkono nusu. Nafundisha Kiswahili, na nikisikia "hatumo" naanza kuwasha.

Tumo. Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii hii, alichapisha *Walenisi* mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo amehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani akafie huko, naye anafika nchi nyingine kabisa inayoendeshwa kwa haki. Ni safari ya anga kwa Kiswahili, na aliyebeba safari hiyo ana jina la Kimijikenda. Kitabu hicho ukikitafuta leo utazunguka sana. Wanafunzi wangu wanajua majina ya sayari za sinema ambazo hazipo, huyo Dzombo hawamjui. Hilo la Hollywood au letu?

Halafu kuna *Pumzi* ya Wanuri Kahiu, ya 2009, filamu fupi ya dakika ishirini na kitu. Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo, nje inasemekana hakuna uhai. Niliwaonyesha kidato cha tatu. Kilichowashika si majengo. Ni pale Asha anapochakata jasho lake mwenyewe awe na maji ya kunywa, na baadaye anaumwagilia mche maji yake ya mwisho huku amekaa juani akiukinga kwa mwili wake. Msichana mmoja wa Kiunga akasema, "Mwalimu, hii si ya kesho, kisima chetu kikiingia chumvi ndivyo tunavyofanya hesabu." Darasa likanyamaza, kisha wakaanza kugombana ni nani angepewa maji kwanza.

Lakini ukitaka hadithi ya kubuni ya kisayansi inayotuhusu sisi Waamu, acha sinema. Tazama zile picha za kompyuta za mipango mikubwa zilizokuwa zikizunguka kwenye simu zetu. Maghorofa ya vioo, barabara pana, watu wamevaa suti wanatembea kando ya maji. Hakuna dau, hakuna buibui, hakuna mtu anayetoka msikitini, hakuna hata nyavu zilizoanikwa. Mchoraji alikuwa na bahari nzima mbele yake na hakumwona mvuvi. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Yaani walioachwa nje ya picha ilibidi warudishwe kwa amri ya mahakama. Na ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, leseni yake ilifutwa Juni 2019 kwa sababu watu wa hapa walikataa kuchorewa mapafu.

Kwa hiyo mimi siogopi sana mtu wa Hollywood asiyenijua. Naogopa zaidi mtu wa ofisini mwenye kompyuta anayenichorea mji bila mimi.

mkosoaji_wa_mtaa

Sasa bandari na sinema wapi na wapi?

Bint_Langoni (Lamu)

Zote mbili zinasema kesho itakuwaje. Moja unailipia flashi, nyingine unailipia kodi.

nahodha_wa_matondoni

Wanangu, mimi masinema siyajui sana, wajukuu ndio wananiekea. Lakini mmetaja teknolojia na Amu na hamjataja kitu nilichokiona kwa mato yangu.

Fundi Ali Skanda na wenziwe waliunda jahazi la plastiki hapa kwetu. Si la kuchezea. Lina mkuku, mataruma, mbao, na vyote hivyo ni plastiki iliyookotwa. Inaoshwa, inasagwa, inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu, halafu fundi anaichukua na kuichonga kwa zana zile zile anazochongea mbamba kofi na mti mwingine wowote. Jahazi lote lilikula kama tani kumi za taka. Juu wakalivisha kandambili kama 30,000, ndiyo maana likaitwa Flipflopi. Lilishushwa majini 2018, na mwanzo wa 2019 likashika ndia hadi Unguja.

Mafundi wengi walicheka mwanzo. Mimi nilicheka. Mti una mishipa yake, unakwambia pasua hapa, usipasue pale. Plastiki haisemi kitu, ikipata jua inalegea, ikipata baridi inakaza. Ilibidi mtu aisome upya, na aliyeisoma si mhandisi aliyeletwa na ndege, ni mtu aliyefunzwa na babake kuunda zombo. Wazungu walikuwapo, na fedha zao zilikuwapo, sikatai. Lakini omo ile, mbele ya chombo, imekaa sawa na maji kwa sababu ya jicho la mtu wa hapa.

Ndipo nasikia mgeni amesimama Mkomani anawaambia wenziwe kwamba mafundi wa Lamu wanafanya kazi kama miaka elfu iliyopita. Nikasema kimoyomoyo, elfu iliyopita kulikuwa na kandambili?

fundisimu_mld

Ami, hili ndilo nililokuwa nikilitafuta bila kujua namna ya kulisema.

Kadzo_K (Kilifi, niko chuo Nairobi)

Nasoma mambo ya kompyuta, na mwezi huu nimekuwa nikizichezea hizi programu za akili unde zinazochora picha. Nikaona nijaribu swali la fundisimu juu yao.

Nikaandika: mji wa Lamu mwaka 2090. Nikaletewa Dubai yenye punda. Nikaandika: fundi wa kike wa Pwani ya Kenya akitengeneza satelaiti. Akaja dada amekaa chini, shanga za Kimaasai shingoni, nyuma kibanda cha udongo, mkononi kitu kinachofanana na redio ya mbao. Nikaongeza: maabara ya kisasa, koti jeupe. Koti likaja, maabara ikaja, dada akawa Mzungu. Nikasisitiza tena, Mswahili, amevaa leso. Leso ikaja. Nikaikuza nisome jina lake, nikakuta herufi ambazo si za lugha yoyote, zimepangwa vizuri kabisa pale ambapo leso huandikwa jina. Mashine imeshaona leso nyingi za kutosha kujua kwamba kuna maandishi. Haijui kwamba yanasomwa.

Sababu haina uchawi. Programu hizi hujifunza kwa mamilioni ya picha za intaneti. Picha za Lamu zilizojaa intaneti zilipigwa na watalii, na mtalii hapigi picha duka la kutengeneza simu. Kwa hivyo mashine ikiulizwa kesho yetu, inachukua jana ya mtalii na kuipaka taa za buluu.

Na kuna la pili, ambalo nikilifikiria hasira inanipanda. Mwaka 2023 jarida la *TIME* liliripoti kwamba vijana wa Kenya walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili moja ya mifumo hii ifundwe adabu. Ndani ya mashine tumo. Kwenye picha inayotolewa na mashine hatumo.

La tatu, na mnisamehe Waswahili wenzangu wa mjini. Mnaposema "Mpwani", mwenzenu Mgiriama yuko wapi? Kwenye vipindi vya TV vya hapa hapa Kenya, Mgiriama ni mganga wa Kaloleni, au mlinzi anayechekesha kwa lafudhi. Mboni wa msituni huko Lamu hata kuchekesha hajapewa. Tukianza kuandika kesho yetu tukajaza nakshi na kofia za viua peke yake, tutakuwa tumefanya yale yale, kwa mkono wetu.

mwana_ngomeni

Hilo la tatu, asante. Nusu ya kijiji changu ni Wagiriama na Wabajuni, na hakuna anayewapiga picha.

nahodha_wa_matondoni

Ile picha ya mji uliyotuekea, mwanangu Kadzo. Jahazi lile halina foromali, ule mti unaoshika tanga. Tanga limekaa hewani tu. Upepo wa kusi ungelichana kabla hawajaipita Shela.

mkosoaji_wa_mtaa

Mnalalamika sana. *Black Panther* ya 2018 si ilituwakilisha? Nchi ya Kiafrika iliyoendelea kuliko zote. Watu walivaa kitenge kwenda kuiona. Na mkiwakilishwa, kisha nini? Kuonekana hakujazi sufuria.

fundisimu_mld

Mkosoaji, ile niliiuza mpaka flashi zikaniishia, siwezi kuisema vibaya. Na Shuri yule, binti wa maabara, ni mhusika wangu wa pekee. Wasichana waliokuwa hawaingii kibandani walianza kuingia kuulizia "ile ya Shuri".

Lakini tazama imejengwaje. Lugha waliyochagua ni Kixhosa cha Afrika Kusini, sehemu kubwa ya upigaji ilifanyika studio za Atlanta, na mambo yote mazuri yanatokana na madini ya ajabu yaliyoanguka kutoka mbinguni. Teknolojia ni ya ukoo wa mfalme. Shuri ana vibranium isiyokwisha, mimi nina betri iliyovimba na mteja anayetaka simu kabla ya magharibi. Sijamwona kwenye sinema yoyote mtu wa kati: aliyepewa kifaa kilichotengenezwa kwingine, hakina kitabu cha maelezo, spea hazipo, na akakifanya kifanye kazi ambayo waliokiunda hawakuifikiria.

Mtu huyo amejaa hapa. Aliyekuwa akituma pesa kwa simu mwaka 2007, Marekani bado wanaandika hundi, alikuwa mama wa sokoni. Kwenye sinema mama huyo anaishia kubeba kikapu kichwani, nyuma kabisa, hana hata neno la kusema.

Bint_Langoni (Lamu)

Na kuhusu sufuria, kaka mkosoaji. Nichelle Nichols alianza kuigiza kama Uhura kwenye *Star Trek*, kipindi cha TV cha safari za anga, mwaka 1966. Afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, si mtumishi wa mtu. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Mwaka 1977 NASA, shirika la anga la Marekani, wakamchukua asaidie kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka uliofuata lilikuwa na Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza kwenda huko. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, 1992, amesema wazi kwamba Uhura alichangia ndoto yake.

Sisemi sinema ilimrusha. Alisoma udaktari na uhandisi, akajirusha. Lakini kuna mtoto anayeacha kuomba kabla hajakataliwa, kwa sababu hajawahi kumwona mtu kama yeye kwenye kiti kile. Huyo humhesabu popote, maana jina lake halikufika kwenye orodha.

mkosoaji_wa_mtaa

Haya, hapo umenipata kidogo. Kidogo.

maalim_barani

Nimesoma kimya. Nina neno dogo. Kesho iko kwa Mwenyezi Mungu. Vijana wakizoea kuandika mwaka 2090 kutakuwa hivi na hivi, bila hata inshallah, hamuoni kuna kuvuka mpaka?

Bint_Langoni (Lamu)

Maalim, shikamoo. Wasiwasi wako naupokea. Lakini wazee wetu hawakuiogopa kesho. Aliyeandika utenzi wa *Al-Inkishafi* alizitazama nyumba za Pate zilizokuwa na taa na wageni, akaziona zimebaki popo na buibui, kisha akauambia moyo wake wewe je, utasalimika? Alikuwa akiwaza mbele kwa kutazama magofu. Manahodha nao walipiga hesabu za nyota na pepo miezi mbele, na wote walisema inshallah. Kuwaza si kupanga badala ya Mungu.

maalim_barani

Marahaba. Basi na iwepo inshallah kwenye hiyo hadithi yenu. Kwenye sinema za anga sijaona mtu akiswali. Watu wameenda hadi mwisho wa ulimwengu na hakuna aliyeuliza kibla kiko wapi.

Kadzo_K (Kilifi, niko chuo Nairobi)

Maalim, hilo lilishatokea kweli. Mwanaanga wa Malaysia alipokwenda kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2007 wanazuoni wa kwao walimwandalia mwongozo wa kuswali huko juu, kibla na yote. Ni hadithi tamu kuliko nyingi za kubuni.

Halafu fundisimu, ngoja nikupe jingine. Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, satelaiti yetu ya kwanza ya kutazama ardhi: mazao, mafuriko, misitu. Unajua ilirushwa wapi? California, kituo cha Vandenberg, kwa roketi ya SpaceX.

mkosoaji_wa_mtaa

Sisi tuna ikweta tunaenda kurushia California. Wakenya bwana.

mwana_ngomeni

Tusicheke haraka. Satelaiti ya kutazama ardhi inapitishwa juu ya ncha za dunia, kaskazini kwenda kusini, ili dunia izunguke chini yake na yenyewe ione kila mahali. Kwa njia hiyo ule msukumo wa bure wa ikweta haukusaidii. Na Ngomeni haijarusha kitu tangu 1988. Jukwaa si roketi. Kinachouma ni kitu kingine: mwaka 1970 tulikuwa na jukwaa bila mhandisi wetu hata mmoja kwenye picha, mwaka 2023 tuna wahandisi wetu kwenye picha na hatuna jukwaa.

fundisimu_mld

Hapo mwana_ngomeni amenipa hadithi.

Wadau, sina kamera ya sinema. Nina simu, nina kompyuta yenye programu ya kuhariri sauti, na najua vijana wanasikiliza chochote kitakachoingia kwenye flashi. Nafikiria mchezo wa kusikiliza, vipande vya dakika kumi. Ngomeni, mwaka 2090. Bahari imepanda imekula mashamba ya chumvi. Yale majukwaa yako pale, yana kutu. Satelaiti moja ya zamani inaanza kutuma ishara ambazo hazieleweki, na watu wa Roma na Nairobi wameshaifuta kwenye vitabu vyao. Anayeipata ni msichana fundi wa Gongoni, kwa antena aliyoiunganisha mwenyewe.

Sitaki awe binti wa chifu, sitaki awe na kipaji cha ajabu. Ana deni la spea.

Kadzo_K (Kilifi, niko chuo Nairobi)

Aitwe jina la Kigiriama na asibadilishe lafudhi. Nitakuandikia sehemu za kiufundi ziwe za kweli. Ishara ya satelaiti iliyokufa kufufuka si uongo, paneli za jua zinaweza kuanza kutoa umeme tena baada ya betri kuharibika. Imeshatokea.

nahodha_wa_matondoni

Atafikaje kwenye jukwaa? Mafuta ya boti mwaka huo hayatakuwapo. Mpeni jahazi la plastiki. Na mje mniulize kabla hamjaandika habari za tanga.

Bint_Langoni (Lamu)

Kiswahili nitakipitia mimi, ila wa Ngomeni waongee kama Ngomeni, wa Amu waongee kama Amu. Nimechoka na wahusika wanaozungumza kama taarifa ya habari ya saa moja.

mwana_ngomeni

Nitamrekodi babu akieleza ule ukimya kabla ya roketi, kama atakubali. Hapendi kushikiwa simu mdomoni. Itabidi twende alfajiri, kabla jua halijamchosha.

mkosoaji_wa_mtaa

Na mimi? Hakuna nafasi ya mtu wa kupinga?

fundisimu_mld

Wewe ni kompyuta ya Nairobi inayomwambia msichana kila mara kwamba ishara hiyo haipo. Njoo Jumamosi baada ya alasiri. Na usije na ile simu yako, maiki yake inakwaruza, nilishakwambia uibadilishe.